Maswali na majibu: Kocha wa akili mnemba kwa msimamizi mpya

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanaojenga au kutumia programu za kuwanoa watu waliopandishwa cheo juzi: jana mpimaji, leo msimamizi wa wapimaji.

Tuna kiwanda cha kukamua alizeti Kizota, Dodoma. Boti (programu ya kuchati ya akili mnemba) tuliyotengeneza inawapa wasimamizi wapya ushauri kumi kwa mpigo, na hakuna anayeufuata. Tumekosea wapi?

Ushauri wenyewe huenda si mbaya. Umekuja mapema mno. Modeli ya lugha, yaani ule mtambo wa kutunga maandishi ulio ndani ya boti, ikiachwa bila maelekezo mara nyingi hujibu papo hapo, na msimamizi mpya anapoandika huwa ameandika hasira zake, tatizo bado hajaliandika. Badilisheni maelekezo ya msingi, yale boti inayopewa kabla ya mazungumzo kuanza, myaandike kwa Kiswahili: “Uliza swali moja, subiri jibu. Usishauri kabla hujajua nini kilitokea, lini, na mhusika alisemaje. Jibu lisizidi maneno 80. Malizia kwa hatua moja ya kufanywa kabla ya kesho jioni.”

Tofauti mtaiona haraka. Msimamizi akiandika “kijana wa mizani anachelewa kila siku, nimpe barua?”, boti ya zamani itamwandikia barua. Hii itauliza: “Wiki hii amechelewa siku zipi, na kwa muda gani?” Akijibu ni Jumatatu dakika 40 na Alhamisi dakika 20, ile “kila siku” imekufa yenyewe. Swali la pili: “Umeshamuuliza sababu?” Hapo ndipo wengi hunyamaza.

Boti ilimwambia msimamizi kwamba likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi. Imezitoa wapi?

Kenya. Sheria ya huko inasema siku 21 za kazi. Yetu ya Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inasema siku 28 mfululizo, sikukuu zikihesabiwa humo humo. Modeli imemeza maandishi ya nchi zote mbili na haioni mpaka wa Namanga. Kuibembeleza kwa “tumia sheria ya Tanzania” hakutoshi. Inyimeni ruhusa ya kujibu mambo ya sheria kwa kumbukumbu. Pakieni sheria yenyewe pamoja na marekebisho yake ya karibuni, Kanuni za Mwenendo Mwema za 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42), na kanuni za kiwanda chenu, boti itafute humo kabla ya kujibu.

Kateni nyaraka kifungu kwa kifungu, kila kipande kibaki na namba yake na jina la sheria. Mkikata kila baada ya maneno 300 bila kuangalia, sharti litabaki kipande kimoja na msamaha wake kipande kingine, na boti italeta nusu ikijiamini kabisa. Kifungu kisipopatikana, isijibu. Impeleke msimamizi kwa ofisa rasilimali watu.

Nidhamu iwe na mlango wake. Ikitajwa barua ya onyo, kusimamishwa au kufukuzwa, boti iache kunoa na imkabidhi mtu. Zile Kanuni za 2007 zinataka mfanyakazi apewe si chini ya saa 48 za kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu, na aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko “programu iliniambia” si utetezi.

Nina miaka 27, nasimamia ghala la mahindi Kibaigwa. Mama mmoja ninayemsimamia ananizidi miaka 20, na maneno ninayopewa na boti siwezi kuyatamka mbele yake.

Bila shaka yanaanza na “Napenda kukupa mrejesho kuhusu utendaji wako.” Hiyo ni barua, tena ya kutafsiriwa. Waliojenga hawakuiambia boti nani anaongea na nani. Kabla ya kuomba maneno, iandikie mambo matatu: ananizidi umri kiasi gani, namwitaje kila siku, tutaongelea wapi. Ukiijenga wewe, fanya hayo yawe maswali ya lazima. Kinachotakiwa kutoka ni kitu cha namna hii: “Shikamoo mama. Naomba tukae kidogo pale kivulini. Jana mizani ilifungwa saa tisa, magari mawili yakaondoka hayajapimwa. Ilikuwaje?”

Heshima imekaa kwenye amkio na mahali. Jambo lenyewe halikupunguzwa. Ukiiambia boti “sema kwa heshima” tu, itazunguka mpaka yale magari mawili yapotee njiani. Na msiifundishe kurusha “mbukwenyi”, salamu ya Kigogo, kila ufunguzi ili ionekane ya Dodoma. Kibaigwa sokoni wanakutana watu wa kila kona.

Kwa nini boti inapanga zamu ya saa tatu asubuhi kuwa 03:00?

Inasoma saa za Kizungu. Iwekeeni kanuni: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, jumlisha 6; kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, jumlisha 18, na ikifika 24 au kuzidi, toa 24. Na kila ikitaja muda irudie kwa namna zote mbili, “saa tatu asubuhi (09:00)”. Kwa ujumbe wa sauti ni lazima zaidi, maana namba hukosewa kirahisi.

Tutajuaje kwamba inanoa kweli, si kumfurahisha msimamizi?

Andikeni visa 50 vya kazini kwenu, kila kimoja kiendeshwe mara 3, kwa sababu majibu hubadilika. Kisha chukueni visa 10 na kuviandika upya kwa mdomo wa mfanyakazi. Boti ikimpa haki msimamizi asubuhi na mfanyakazi jioni kwa tukio lile lile, mmejenga “ndiyo mzee”. Rudieni kila mnapobadilisha modeli au hata sentensi moja ya maelekezo.

Majina na ugonjwa wa wafanyakazi viingie humo?

Hapana. “Mfanyakazi A” anatosha, na ugonjwa usiandikwe kabisa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kuzituma kwenye seva ya nje ya nchi kuna masharti yake. Futeni mazungumzo baada ya siku 30, na wakubwa wasiyasome. Msimamizi akijua bosi anachungulia, ataiandikia boti yale bosi anayopenda kusikia.

Niko Mtumba, kwenye mji wa serikali Dodoma, mtumishi wa umma. Naweza kuitumia hiyo ya Kizota?

Kwa kufanya mazoezi ya mazungumzo, ndiyo. Kwa likizo, nidhamu na tathmini, hapana: nyie mna Sheria ya Utumishi wa Umma na PEPMIS (mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi), na nyaraka hizo hazimo.