Kabla ya rangi na taa, jiulize nani atazipanda

Vijana wa kuchomelea huwa wananiuliza sana kuhusu zile herufi kubwa za jina la mji, zile watu wanapigia picha, na wengi wanaanzia kwenye taa na rangi. Mi nawaambia taa baadaye bana, kwanza jua watu watazipanda, hata uweke kibao watapanda tu. Zile za I amsterdam zilizokuwa uwanja wa Museumplein, kule Amsterdam Uholanzi, mpaka zikaondolewa 2018 zilikuwa na kimo cha mita 2 hivi, na kwenye picha nyingi utaona kuna mtu kakaa juu.

Kwa hiyo ndani weka fremu ya skwea paipu, usitegemee bati peke yake, unene wa herufi uwe hata sentimita 40 mtu akae vizuri, na kingo zote zipite grinda. Tundu la A nalo lisiwe kati ya sentimita 9 na 23, maana hapo mtoto anapitisha mwili halafu kichwa kinagoma, ndo maana viwanja vya michezo vinakwepa hicho kipimo. Msingi mwaga zege moja refu chini ya neno zima, kusi ikivuma herufi ya mita 3 inakuwa kama tanga la jahazi.

Huku pwani adui mkubwa ni chumvi. Paipu ya mabati ukiichomelea ile zinki inaungua pale kwenye maungio, usipoisugua ukaipaka rangi ya zinki kutu inaanzia hapohapo, na toboa vitundu chini maji yatoke, herufi inaozea ndani we unaona rangi inang'aa tu.

Nafasi kati ya herufi usipime kwa futi, pima kwa jicho. T na A ukiziweka umbali sawa na N na G zitaonekana zimeachana, kata maboksi uzisimamishe uwanjani ukaangalie kutoka mbali.

Halafu picha. Neno la mita 12 linataka kama mita 10 za kurudi nyuma ndo liingie kwenye simu, sasa wengine wanaliweka mita 4 tu kutoka barabarani, mpiga picha asimame wapi, katikati ya bodaboda? Na watu wanakuja jioni, kwa hiyo kwa fukwe zetu zinazotazama mashariki uso wa herufi ugeukie mjini, bahari ibaki nyuma, jua la magharibi liwapige usoni. Kama kuna mti hapo wanataka kuukata, we sogeza herufi.