Usiku wa Kwanza Msituni: Majibu kwa Wanaotaka Kulala Hemani Milimani

Tangu shule zilipofungwa mwezi Juni, barua nyingi zinazonifikia zinauliza jambo moja: kwenda kulala hemani kwenye misitu ya milimani. Magamba, Amani, Uluguru, Rungwe, hata Mlima Kenya. Nimefurahi mno. Kwa miaka mingi sisi tulibeba mahema ya wageni, tukayasimika, tukayakunja, halafu tukarudi nyumbani bila kulala humo hata siku moja kwa raha zetu. Nimechagua maswali machache ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Shikamoo mzee. Mimi na wenzangu watatu wa chuo tunakwenda Magamba, Lushoto, mwezi Julai. Hatujawahi kulala hemani. Mmoja wetu anasema blanketi moja linatosha kwa sababu nchi yetu ni ya joto. Tubebe nini?
*Wanafunzi, Dar es Salaam*

Marahaba wanangu. Joto hupungua kadiri mtu anavyopanda, takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi, na msitu wa Magamba unapanda hadi zaidi ya mita 2,200. Mtajionea wenyewe ndani ya basi: Mombo jasho linawatiririka, mkifika Soni mnafunga dirisha, na jioni ya Magamba kila mtu anauliza sweta yake iko wapi. Usiku wa Julai huko huweza kushuka chini ya nyuzi 10, tena na ukungu juu yake.

Mara yangu ya kwanza nilibeba mablanketi matatu, nikajifunika yote, na chini nikatandika kanga. Nilitetemeka hadi alfajiri. Baridi ile haikutoka juu, ilitoka ardhini. Blanketi hutia joto kwa ile hewa iliyonaswa ndani yake. Ukililalia, uzito wako unaifukuza hewa yote na unabaki umelala juu ya udongo wenye maji. Kwa hiyo anzeni na cha chini kabla ya kufikiria cha juu: turubai, mkeka, halafu godoro jembamba la sponji kwa kila mmoja. Hapo hata blanketi la kawaida litafanya kazi yake. Mkipata begi la kulalia, lile wapagazi wanaloliita sliping, ni bora zaidi. Si lazima liwe jipya. Soko la mitumba la Memorial pale Moshi limewavisha watu wengi wanaopanda milima, na makoti yake ni mazuri.

Jinzi muiache nyumbani. Pamba ikilowa haikauki milimani na inanyonya joto la mwili. Vaeni sufu au flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya, na wekeni kando seti moja ya nguo kavu za kulalia, pamoja na soksi na kofia, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Seti hiyo haivaliwi mchana kwa sababu yoyote ile. Kabla ya kulala kunyweni uji wa moto au kuleni viazi, maana mwili wenye njaa hauna kuni za kuwasha. Jazeni chupa maji ya moto, ifungeni sawasawa, laleni nayo miguuni.

Fikeni kambini kabla ya saa kumi alasiri, kwa sababu chini ya miti giza huingia mapema kuliko mnavyodhani. Msisimike hema kwenye bonde, ambako baridi hutuama usiku, wala chini ya mti mkubwa wenye matawi makavu. Mikulo ya Magamba ni mizee na mizito. Mtu atazame juu kwanza ndipo apige kigingi.

Desemba baridi ilitushinda, tukaingiza jiko la mkaa ndani ya hema. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, hauna moshi, na zipu tuliiacha wazi kidogo. Asubuhi mke wangu aliamka kichwa kinamgonga, akatapika. Mimi pia nilikuwa na kizunguzungu. Je, ni mwinuko au chakula?
*Msomaji, Morogoro*

Si mwinuko wala chakula, ndugu yangu. Mlikaribia kufa, na namshukuru Mungu kwamba umeniandikia wewe mwenyewe.

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haimkohozi mtu. Ukiivuta, damu huikamata kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyokamata oksijeni, hivyo mwili unakosa hewa huku kifua kinapanda na kushuka kama kawaida. Aliye macho huumwa kichwa, hulegea na husikia kichefuchefu. Aliyelala hupitiliza tu, haamki. Watu huuogopa moshi na kuuamini mkaa uliokwisha kushika, kumbe huo mwekundu usio na moshi ndio unaoitoa kwa wingi. Upenyo wa zipu hauwaokoi. Jiko lililoingizwa "lizimikie ndani" ni lilelile, na jiko la gesi pia halifai kuwashwa ndani ya hema.

Ukiona watu wawili wa hema moja wanaumwa kichwa kwa pamoja na moto uko karibu, usitafute dawa ya maumivu. Watoe wote nje mara moja, wakae kwenye hewa safi, halafu waende hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu. Mwambie daktari wazi kwamba mlilala na mkaa. Tafadhali lieleze jambo hili kwa kila unayemjua, pamoja na wanaolala na jiko kwenye chumba kilichofungwa wakati wa kipupwe.

Nilinunua hema jipya kwa bei kubwa. Usiku mvua haikunyesha, lakini asubuhi kuta za ndani zilikuwa zinachuruzika maji. Nimeuziwa hema bovu?
*Msomaji, Mbeya*

Hapana, hayo ni maji yenu wenyewe. Pumzi ya watu wanaolala ina mvuke. Ukikutana na kitambaa cha baridi unageuka matone, kama kioo cha gari kinavyopata ukungu. Acha matundu ya hewa wazi hata kama baridi inakutisha, vuta kamba ili turubai la juu lisigusane na hema la ndani, na nguo mbichi zilale nje ya chumba cha kulala. Asubuhi beba kitambaa, pangusa. Hema likunjwe kavu, au ukifika nyumbani ulianike siku hiyohiyo, la sivyo litaoza kwa ukungu.

Lazima nipate kibali? Msitu si wa wananchi?
*Msomaji, Tanga*

Ni wa wananchi, na ndiyo sababu umewekewa msimamizi. Kwanza jua unaingia msitu gani. Hifadhi za taifa kama Udzungwa, Kilimanjaro na Arusha, ambako Mlima Meru uko, ziko chini ya TANAPA. Hifadhi za mazingira asilia kama Magamba, Uluguru, Rungwe na Amani, ambayo mwaka 1997 ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo nchini, ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kuna pia misitu ya vijiji, na huko mlango wako ni ofisi ya kijiji. Mlima Kenya, mbuga yenyewe iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na misitu mingi inayoizunguka iko chini ya KFS, shirika la misitu la huko. Piga simu ofisi ya hifadhi siku kadhaa kabla, uliza kiingilio cha mkazi na ada ya kambi, lipa kwa namba ya malipo ya serikali na utunze risiti. Mwananchi hulipa kidogo sana kuliko mgeni, basi kitambulisho usikisahau.

Mwongoza njia wa kijijini mchukue hata kama njia unaijua. Anajua chemchemi iliyokauka mwezi uliopita na mahali daraja la magogo lilipovunjika.

Nawaogopa siafu kuliko chui. Nifanyeje wakiingia hemani?
*Msomaji, Iringa*

Una haki ya kuwaogopa, hasa baada ya mvua. Kabla ya kusimika hema zunguka hatua ishirini kila upande ukitazama chini. Ukiona mstari mweusi unaotembea kama kamba, hama. Wakija usiku usipigane nao. Toka nje, vua nguo uwatoe mmojammoja, sogeza hema ukiweza au subiri mbali. Wako safarini, na mara nyingi baada ya saa chache wameshapita. Mafuta ya taa usiyamwage kwenye udongo wa msitu.

Chakula kisilale nawe hemani. Harufu huita panya, panya huita nyoka, na asubuhi kima na nyani wanakuja kuchana kitambaa kwa ajili ya ndizi mbili. Viatu vikung'ute kabla ya kuvivaa. Kwenye milima yenye tembo na nyati, kama Udzungwa na Mlima Kenya, lala kwenye kambi iliyoruhusiwa tu, na usiku usitoke nje bila kumulika tochi pande zote kwanza.

Maji ya mto wa mlimani yanaonekana safi kabisa. Tuyanywe?
*Msomaji, Moshi*

Msiyanywe kabla ya kuyachemsha. Uwazi wa maji hausemi kitu kuhusu vijidudu, na huko juu kunaweza kuwa na ng'ombe, au kambi ya wenzenu. Yakishatokota, yaacheni dakika moja. Mkiwa juu ya mita 2,000 yaacheni dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100. Nanyi msiwe ndio wanaomchafulia wa chini: mahali pasipo na choo, chimbeni shimo la sentimita 15 hadi 20, walau mita 60 kutoka kwenye maji, na karatasi mrudi nazo. Sabuni isiingie mtoni kabisa.

Nimetoka Same. Bibi yangu anasema kuna misitu ya wazee ambayo hailaliwi. Wenzangu wananicheka.
*Msomaji, Dodoma*

Msikilize bibi. Upareni na Usambara kuna misitu midogo ya matambiko ambayo wazee waliilinda kwa vizazi vingi, huku mashamba yakiizunguka pande zote. Hakuna aliyekata mti humo, na nenda leo uone: chemchemi za vijiji vingi zinatoka palepale. Mtu anaweza kuwa na imani tofauti na ya bibi yako na bado akaona kwamba kazi ile ilifanywa vizuri. Ukifika kijijini salimia, eleza unakotaka kulala, uliza kama pana mahali pa kuepuka. Wakisema hapa hapana, usibishe. Mimi nimewahi kuhamishwa jioni, hema likiwa tayari limesimama, na mzee aliyenihamisha ndiye aliyenipa ndizi za kuchoma usiku ule.

Tulipanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Siku ya pili, kambi ya Shipton's, kichwa kiliniuma na sikuweza kula. Wenzangu walitaka twende kilele cha Lenana usiku uleule. Nilikuwa mvivu?
*Msomaji, Nakuru*

Hukuwa mvivu. Kambi ya Old Moses iko kwenye mita 3,300 hivi na Shipton's karibu 4,200. Kwa siku moja huo ni mruko mkubwa. Kichwa kuuma na chakula kukataa ni dalili za ugonjwa wa mwinuko. Ukiwa hivyo huongezi hata mita moja. Unapumzika, unakunywa maji, na usipopata nafuu unashuka. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea yasiyoeleweka, au kukosa pumzi akiwa amekaa tu, ashushwe saa hiyohiyo, usiku au mchana, hata kama mvua inanyesha. Lenana iko mita 4,985 na haiendi popote. Mwakani ongeza usiku mmoja njiani.

Kambi bila moto si kambi. Kuni zilizoanguka zina ubaya gani?
*Msomaji, Njombe*

Naelewa, nami nimelelewa kando ya moto. Lakini udongo wa msitu wa mlimani umefunikwa majani na mizizi iliyorundikana miaka mingi. Cheche ikiingia humo huweza kutambaa chini kwa chini siku kadhaa bila kuonekana, ikaibuka mbali ninyi mmeshafika nyumbani. Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022 tuliuona Kilimanjaro ukiwaka, watu wamejipanga na matawi mikononi wakiupiga moto. Gogo lililoanguka nalo ni nyumba ya viumbe na mbolea ya mche unaokuja. Pika kwa gesi, nje ya hema. Moto uwashwe tu pale hifadhi ilipotenga na kuruhusu, na kabla ya kulala mwaga maji, koroga, mwaga tena, mpaka uweze kuweka kiganja kwenye majivu.

Wanangu wana miaka 7 na 9, wanaogopa giza. Nianzie wapi?
*Mama, Muheza*

Dada yangu, anzia uani kwako. Usiku mmoja au miwili hemani hapo nyumbani, kila mtoto na tochi yake. Kisha nendeni Amani, ambayo kwenu ni jirani na ina nyumba za kulala wageni, ili mkishindwa saa nne usiku muwe na pa kukimbilia.

Jambo moja uwaambie mapema, mchana. Usiku msituni watasikia sauti ya kutisha: inaanza kama mlango wenye kutu unaofunguliwa polepole, inapanda, inaishia kwa ukelele. Watu wazima wameshawahi kufungasha mizigo kwa sauti hiyo. Ni perere, mnyama wa manyoya mwenye ukubwa wa sungura hivi, anakula majani na anaishi kwenye matundu ya miti. Anamwita mwenzake. Mkiweza, tafuteni picha yake kabla ya safari, wamchore, wampe jina wanalotaka. Akilia saa tano usiku, wao ndio watakaokuamsha wakuambie ni nani.