Kinyama cha tezi dume: nihofu damu?

SWALI: Sista, nina miaka 68, mkulima wa korosho huku Newala. Nimepangiwa kwenda Mtwara mjini kuchukuliwa kinyama cha tezi dume, yaani vipande vidogo vya kwenda kupimwa. Mwenzangu alifanyiwa, akapanda gari siku ileile, usiku akakojoa damu ya mabonge hadi mkojo ukaziba. Mimi nameza klopidogreli na junia asprini (asprini ya dozi ndogo) tangu nilipopata kiharusi. Nafikiria kuziacha zote. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo baba. Nakuomba sana, usiziache mwenyewe. Ni kweli klopidogreli huchelewesha damu kuganda, na wengi huisimamisha siku 5 hadi 7 kabla ya kipimo. Lakini kwako wewe dawa hiyo ndiyo inayokinga kiharusi kisirudi. Aamue daktari wako wa kiharusi pamoja na huyo atakayechukua kinyama. Junia asprini mara nyingi huachwa iendelee.

Dawa zako zote zitie kwenye mfuko uende nazo, na za mitishamba pia. Nimefanya kazi wodi ya wanaume miaka mingi. Mzee mmoja aliniambia hamezi dawa yoyote. Mkewe akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi ya diklofenaki. Alikuwa akimeza kila usiku kwa ajili ya magoti! Hizo nazo huongeza damu kutoka. Maumivu madogo yanatulizwa na panadoli.

Mara nyingi sindano hupitia njia ya haja kubwa na kuchukua vipande 10 hadi 12, kwa hiyo damu kidogo lazima uione. Mkojo wa rangi ya rozela kwa siku chache usikutishe. Shahawa huweza kuwa nyekundu au kahawia kwa wiki kadhaa. Mwambie mama mapema asije akashtuka.

Ila usirudi Newala siku hiyo. Hapo ndipo naona mwenzako alipokosea. Ukishakojoa vizuri ndipo utoke hospitali, kisha ulale mjini kwa ndugu, unywe maji ya kutosha isipokuwa kama daktari amekuwekea kiwango. Siku chache zinazofuata usipande bodaboda, usibebe gunia, wala usijikamue chooni. Papai na mboga za majani zitakusaidia choo kiwe laini.

Ukiona mabonge kama vipande vya ini, mkojo ukigoma, damu ya haja kubwa isipokoma, au ukihisi kizunguzungu, rudi hospitali usiku huohuo. Homa na kutetemeka ndivyo ninavyoviogopa zaidi, maana vijidudu vikiingia kwenye damu vinaua haraka kuliko hiyo damu unayoiona. Antibayotiki utakazopewa zimeze kama ulivyoelekezwa.

Na kama klopidogreli itasimamishwa, omba tarehe ya kuirudia iandikwe kwenye kadi yako kabla hujatoka. Mwonyeshe na mwanao, akukumbushe.