Maswali ya Wasomaji: Seli Shina Hutoka Wapi?

Swali: Ndugu Mhariri, kazini kwetu kumezuka mabishano makali. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba seli shina hupatikana katika mimba zilizotolewa, na kwamba mtu mwenye imani hapaswi kukubali tiba yoyote yenye jina hilo. Mwingine anasema ndugu yake alitibiwa saratani ya damu kwa seli shina alizochangiwa na dada yake, na hakuna mimba iliyoguswa. Yupi asemaye kweli?
*Mfanyakazi wa maktaba*

Jibu: Huyo wa pili amesema kweli tupu, na wa kwanza ameshika kipande kidogo cha ukweli akakifanya kuwa ukweli wote. Seli nyingi za mwili zimekwisha kupangiwa kazi: ya ini ni ya ini, ya msuli ni ya msuli. Seli shina ni ile ambayo haijafikia hatua hiyo, ikijigawa huzaa nyingine mfano wake na vilevile huzaa seli zitakazokomaa na kushika kazi maalumu. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kama uboho wa mifupa usingekuwa na seli shina zinazozalisha chembe mpya usiku na mchana, damu ingetuishia katika muda wa miezi michache. Walioonyesha jambo hili kwa majaribio ya panya, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni James Till na Ernest McCulloch wa Toronto.

Tiba aliyopata ndugu wa mwenzenu inatokana na seli hizo za uboho. Mgonjwa hupewa dawa kali za kuuangamiza uboho wake ulioharibika, kisha seli za mchangiaji huingizwa kwa mshipa kama damu ya kawaida, nazo hujitafutia njia hadi ndani ya mifupa. E. Donnall Thomas, aliyeifungua njia hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Mwaka 1988, jijini Paris, mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi wa damu alipandikizwa seli zilizotoka katika damu ya kitovu cha dada yake aliyekuwa amezaliwa karibuni. Sijui dini wala falsafa inayoona kosa katika hilo.

Ubishi wenu unahusu seli za kiinitete, yaani yai lililorutubishwa ambalo limeanza kujigawa, nazo ni jambo jingine. James Thomson wa Wisconsin, Marekani, alizitenga kwa mara ya kwanza kwa binadamu mwaka 1998. Kiinitete kinachotumika kina umri wa siku 5 hivi, ni kidonge cha seli zisizofika mia chache, hakijawahi kuingia tumboni mwa mwanamke, na kwa kawaida ni ziada iliyobaki baada ya wenzi kusaidiwa kupata mtoto kwa urutubishaji wa maabara. Hata hivyo, mwaka huohuo John Gearhart na wenzake wa Baltimore walitangaza kupata seli zinazofanana na hizo kutoka katika vijusi vya mimba zilizotolewa, na nadhani hapo ndipo penye asili ya maneno ya mwenzenu wa kwanza. Basi kabla ya kuikubali au kuikataa tiba, ulizeni seli zake zimetoka wapi, kwa maana jina pekee halijibu swali hilo.

Swali: Nimesoma kwamba mwanasayansi wa Japani amegundua namna ya kupata seli shina kutokana na ngozi. Ikiwa ni hivyo, kwa nini viinitete bado vinatumika, na je, mjadala wa maadili haujafikia mwisho?
*Mwanafunzi wa biolojia*

Jibu: Huyo ni Shinya Yamanaka wa Kyoto. Mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, alionyesha kwamba ukiingiza jeni 4 tu ndani ya seli ya kawaida iliyokomaa, seli hiyo hurudi nyuma hadi ikawa kama ya kiinitete. Mwaka 2012 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon, ambaye miaka 50 kabla yake alikuwa amechukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakipandikiza katika yai la chura lililoondolewa kiini chake, na akapata kiluwiluwi kingine hai.

Ugunduzi huo umepunguza sana haja ya viinitete bila kuiondoa. Watafiti bado huhitaji seli za kiinitete kama kipimo cha kulinganishia zile zilizorudishwa nyuma, na mojawapo ya jeni zile 4 inajulikana kuhusika na saratani. Mwaka 2014, huko Kobe, mgonjwa wa macho alipandikizwa tabaka la retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, lililokuzwa kutokana na ngozi yake mwenyewe, lakini mgonjwa wa pili hakupandikizwa baada ya mabadiliko ya jeni kuonekana katika seli zake. Ninawaheshimu watafiti wale kwa kusimama pale.

Kuhusu maadili, kiini cha mabishano ni hadhi ya kiinitete. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba uhai wa binadamu unastahili heshima kamili tangu kutungwa, kwa hiyo kukiharibu kiinitete ni kosa hata kwa nia njema. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huzingatia kauli kwamba roho hupulizwa siku 120 baada ya kutungwa, na wapo wanaoruhusu matumizi ya viinitete vya ziada kwa masharti. Nchini Uingereza, kamati ya Mary Warnock ilipendekeza mwaka 1984 kwamba kiinitete kisikuzwe maabarani kupita siku 14, na sheria ya 1990 ikaufanya mpaka huo kuwa amri. Ulichaguliwa kwa sababu karibu na siku hizo huanza kujichora mstari ambao mwili utajengwa kuufuata, na kabla yake kiinitete kimoja bado kinaweza kugawanyika kuwa mapacha.

Wengi husema viinitete vya ziada vingetupwa hata hivyo. Hoja hiyo ina uzito, lakini peke yake hainitoshi. Kinachonipa utulivu zaidi ni ridhaa ya wenzi wenyewe, iliyotolewa bila shinikizo na bila malipo. Hatari ya kuipuuza ridhaa ilionekana Korea Kusini, ambako Hwang Woo-suk alitangaza mwaka 2004 na 2005 kwamba amepata seli shina kwa njia ya kunakili viinitete vya binadamu: ilibainika kuwa matokeo yalikuwa ya kughushi, na kwamba baadhi ya mayai yalitolewa na watafiti wa kike waliokuwa chini yake. Mwanamke anayetoa mayai hudungwa homoni na mayai yake huvutwa kwa sindano, naye husahaulika upesi mno katika mijadala hii.

Mjadala, basi, haujaisha, umehama. Mwaka 2023 maabara kadhaa zilitangaza vielelezo vya kiinitete vilivyojengwa kwa seli shina, bila yai wala mbegu ya kiume, na hadhi yake bado inajadiliwa.

Swali: Kaka yangu aliumia uti wa mgongo ajalini. Kliniki moja inatuahidi kwamba seli za mafuta yake zitamrudishia miguu, na kwamba seli hizohizo hutibu kisukari, usonji na figo. Tunafikiria kuuza nyumba.
*Dada wa mgonjwa*

Jibu: Pole sana, dada yangu. Nakusihi msiuze nyumba. Tiba za seli shina zilizothibitika ni chache, na nyingi ni za magonjwa ya damu. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu ambayo seli shina za mgonjwa mwenyewe hurekebishwa jeni kisha akarudishiwa. Kwa uti wa mgongo, kazi bado iko katika majaribio. Tena, seli zinazotibu kila kitu ni dalili ya biashara. Mwaka 2017 madaktari waliripoti habari za wanawake 3 wa Florida waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kudungwa machoni seli zilizotokana na mafuta yao wenyewe.

Iandikieni kliniki hiyo mkiuliza kama jaribio lao limesajiliwa na mamlaka ya afya, matokeo yao yamechapishwa katika jarida gani, wagonjwa wangapi walidhurika, na kwa nini mgonjwa anatozwa gharama ya jambo ambalo bado linajaribiwa. Majibu yakija, mpelekeeni daktari anayemtibu kaka yako ayasome kabla hamjatoa fedha yoyote.