Maswali na majibu: Kalori ulizochoma, namba ya saa na namba ya mashine

Maswali mengi tuliyopokea safari hii yanahusu namba za kalori zinazotokea kwenye saa na mashine za mazoezi. Tumechagua sita.

Nina kilo 58. Nilikimbia dakika 45 kwenye mashine kwa kasi ya kilomita 8 kwa saa. Mashine iliandika kalori 440, saa ya mkononi 340. Niamini ipi?

Zote ni makadirio. Hakuna hata moja iliyopima oksijeni uliyovuta, na mwili hutumia takriban kalori 5 kwa kila lita ya oksijeni. Vipimo vya kweli hufanywa maabara, mtu akiwa amevaa barakoa inayochambua pumzi.

Mashine huchukua kasi, mwinuko na uzito. Kama hukuingiza uzito wako, mara nyingi hutumia uliowekwa kiwandani, na aghalabu huwa karibu na kilo 70. Tupige hesabu. Kukimbia kwa kasi hiyo hukadiriwa kuwa MET 8.3, yaani mara 8.3 ya nishati ya mtu aliyekaa kimya, na MET moja ni takriban kalori 1 kwa kilo kwa saa. 8.3 × 70 × 0.75 ni 436, karibu sawa kabisa na ulichokiona. Inaelekea mashine ilimhesabia mtu mwingine. Kwa kilo 58 inakuwa 361. Ukitoa kalori 43 ambazo ungezitumia hata kama ungekaa kwenye kiti, mazoezi yenyewe yamekugharimu kama 318.

Saa nayo hupiga mwanga kwenye ngozi, inahesabu mapigo ya moyo, kisha inakisia nishati kwa kutumia umri, jinsia, urefu na uzito ulioandika. Kubahatisha kunaanzia kwenye hatua hiyo ya mwisho. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Sita kati ya hivyo vilikosea mapigo ya moyo kwa chini ya asilimia 5, lakini kwa kalori, kile kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93. Makosa yalikuwa makubwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi zaidi, wenye uzito mkubwa kwa urefu wao, na wakati wa kutembea. Saa yako safari hii imekaribia. Usitegemee kwamba itakaribia kesho.

Nikishikilia vyuma vya pembeni vya mashine, hesabu inabadilika?

Ya mashine haibadiliki, ya mwili inabadilika sana. Mikono inabeba sehemu ya uzito, miguu inapumzika, na mashine inaendelea kuhesabu kana kwamba unapanda mlima wote peke yako. Kosa ni kubwa zaidi ukiwa umeinua mwinuko huku umening'inia. Punguza mwinuko hadi uweze kutembea mikono ikiwa huru.

Mbona saa yangu inakosea zaidi ninaponyanyua vyuma?

Kwa sababu mapigo ya moyo hupanda bila oksijeni kupanda kwa kiwango kilekile. Unapobana pumzi na kusukuma uzito, shinikizo la damu hupanda na moyo hukimbia, ilhali kazi imechukua sekunde chache. Saa inatafsiri mapigo hayo kama ungekuwa unakimbia. Isitoshe, ukikunja kifundo cha mkono au kukaza ngumi, damu chini ya kihisi huvurugika na mapigo yenyewe yanasomwa vibaya. Mkanda wa kifuani unaopima mapigo ya moyo hutatua tatizo hili la pili tu. Joto, kahawa, wasiwasi na upungufu wa maji pia hupandisha mapigo bila kukuongezea kalori za maana.

Kwenye vyuma, andika uzito, seti na marudio, uachane na kalori. Hayo ndiyo yanayoonyesha kama unaendelea.

Nikitoka jasho jingi, nimechoma zaidi?

Hapana. Jasho ni maji ya kupoza mwili. Lita moja ya jasho ni kilo moja kwenye mizani, na inarudi ukinywa maji.

Saa ikisema nimechoma 400, naweza kuongeza chakula cha kalori 400?

Hapa ndipo watu wengi wanaofanya mazoezi kwa bidii wanapokwama, na inasikitisha kwa sababu bidii yao ni ya kweli. Namba hiyo mara nyingi ina kalori za kupumzika ndani yake, ambazo tayari umezihesabu kwenye mahitaji yako ya siku. Kisha mwili hufidia: baada ya mazoezi mazito tunakaa zaidi na kutembea kidogo. Utafiti wa Herman Pontzer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, uliwapima Wahadzabe wa Tanzania, wanaotembea mno wakiwinda na kuchimba mizizi. Matumizi yao ya nishati kwa siku, ukizingatia ukubwa wa miili, hayakutofautiana na ya watu wa mijini nchi za Magharibi.

Kama lengo ni kupungua, usile namba hiyo. Panga chakula kwa kiwango kimoja, ukiyachukulia mazoezi kama sehemu ya wiki nzima. Jipime kila asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya kula, chukua wastani wa siku saba, na ulinganishe wastani kwa wastani kwa wiki nne; kwa wanawake muda huo unafunika pia maji yanayopanda na kushuka na hedhi. Wastani usiposogea, punguza kalori 150 hadi 200 kwa siku. Ukishuka haraka mno au ukikosa nguvu mazoezini, ongeza kiasi hichohicho. Anayefanya mazoezi ya saa mbili na zaidi ni jambo jingine: huyo anahitaji kula, hata wakati wa zoezi lenyewe.

Baiskeli yangu ina kipimo cha wati. Nayo inadanganya?

Hii ndiyo namba bora unayoweza kupata nje ya maabara, kwa sababu inapima kazi yenyewe. Wati 150 kwa saa nzima ni kilojuli 540. Kalori moja ya chakula ni kilojuli 4.184, na mwili hugeuza asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati kuwa kazi ya pedeli. Kwa hiyo umetumia kati ya kalori 516 na 645. Wengi husoma kilojuli moja kama kalori moja, na kwa matumizi ya kawaida inatosha.

Kinachoharibu ni kuanza bila kukirudisha kipimo kwenye sifuri, hasa joto likibadilika. Na kipimo kinachosoma mguu mmoja tu huzidisha usomaji wake mara mbili. Kama mguu huo ndio wenye nguvu zaidi, wati zote zitakuwa juu.