Mkataba wa miaka mitano kwa kijana wa miaka 16

SWALI: Shikamoo kocha. Mwanangu ana miaka 16, anacheza winga. Klabu moja imemletea mkataba wa miaka mitano, wanataka tusaini kabla ya Ijumaa. Baba yake ameshashika kalamu. Tufanyeje?
Mama wa winga, Morogoro

JIBU: Marahaba mama. Mwambie baba aiweke kalamu chini. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kufungwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Hiyo mitano imetoka wapi?

Mimi nilisaini nikiwa na miaka 17, juu ya boneti ya gari nje ya uwanja. Karatasi mbili, sikuachiwa nakala. Goti lilipoumia nikaenda kuomba matibabu, nikaulizwa: "Imeandikwa wapi?" Sikuwa na cha kuonyesha. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo chukueni nakala, mpelekeeni mwanasheria, hata Ijumaa ikipita. Mshahara uandikwe kwa tarakimu. Nani atalipa hospitali akiumia? Shule je, ataendelea?

Halafu kuna hii fidia ya malezi wanayowatishia wazazi. Ipo kweli: akienda kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, klabu zilizomlea tangu miaka 12 zina haki ya kulipwa. Ila anayelipa ni klabu mpya, si wewe mama. Mkikuta kifungu kinachowataka mrudishe gharama za jezi na chakula, kikatalieni palepale.