Kabla ya Kuzibwa Kiwambo cha Sikio, Uliza Kiraka Kitatoka Wapi

Ukishaambiwa kiwambo cha sikio kimetoboka na dawa ni upasuaji, usiulize bei peke yake. Uliza kiraka kitatoka wapi. Wengi hudhani ni kitu cha kununua, kumbe hukatwa mwilini mwako mwenyewe.

Mara nyingi daktari huchukua utando mwembamba unaofunika msuli wa panja, juu kidogo ya sikio. Wengine huchukua gegedu, ile sehemu ngumu ya sikio inayopindika, kwa mfano la kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio. Gegedu ni gumu, halivutwi ndani upesi, kwa hivyo hupendelewa tundu la kiwambo likiwa kubwa au kiraka cha kwanza kikikataa. Wala usiogope kwamba litakupunguzia usikivu. Kwa jumla matokeo hayapishani sana.

Mimi niliwekewa utando, kwa upande wa ndani. Kingo za tundu hukwanguliwa kwanza, maana ngozi iliyokwisha kupona haishikani na kitu. Kisha kiraka hupitishwa nyuma ya kiwambo, kama cha suruali kinachoshonewa kwa ndani, na kuegemezwa kwa sponji inayoyeyuka yenyewe. Sponji hiyo ndiyo huvunja watu moyo: wiki za mwanzo sikio limeziba kabisa, unasikia vibaya kuliko ulivyoingia. Ulimi nao ulikuwa na ladha ya chuma, hata mahamri sikuyafaidi. Mshipa wa ladha hupita papo hapo kwenye kiwambo, ukiguswa hulalamika.

Kwa daktari mzoefu, viraka 8 au 9 kati ya 10 hushika. Ila kushika ni kimoja, kusikia ni kingine. Vifupa vya ndani vikiwa vimeliwa na usaha wa miaka, kuziba tundu pekee hakutoshi.

Hapa Mombasa adui ni maji. Baharini usitie mguu mpaka uruhusiwe, na kuoga ni kwa pamba iliyopakwa vaselini sikioni. Shangazi alikuja na kichupa chake: "Mafuta ya nazi ya vuguvugu, mwanangu, matone mawili tu." Nikamwambia, "Hata moja, shangazi." Alinuna, lakini kichupa alirudi nacho kwake Kisauni.

Usipenge kamasi. Chafya ikija, fungua mdomo. Sigara na shisha weka kando, hupunguza nafasi ya kiraka kushika. Ndege ngoja daktari akubali. Nairobi mimi nilikwenda kwa treni ya SGR.

Na kipimo cha usikivu kifanywe kabla ya upasuaji, kisha kirudiwe miezi michache baadaye. Karatasi zote mbili kaa nazo wewe, usiziache kwenye faili la hospitali.